Kabla ya Ujumbe wa Umoja, Tazama Nani Anaigiza Nini

Katika klabu nyingi za maigizo shuleni, kijana wa Kimasai anajua atapewa nafasi gani kabla mwalimu hajasema neno. Atakuwa mlinzi wa getini, rungu mkononi, akivunjavunja Kiswahili ili watu wacheke. Mwenye ualbino akikumbukwa, ataigiza Mzungu. Igizo lenyewe linaweza kuwa linahubiri upendo tangu mwanzo hadi mwisho, lakini watoto hao wameshaambiwa thamani yao siku ya kugawa nafasi.

Nafundisha sekondari wilayani Kilosa, ambako watoto wa wakulima na wa wafugaji hukaa dawati moja. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na wapo wazazi wetu ambao bado hawasalimiani. Kwa hiyo utani wa lafudhi hapa si jambo dogo, na ushauri wangu wa kwanza kwa walimu wenzangu ni huo: usimpe mtoto nafasi ambayo jamii yake huchekewa. Mpe udaktari, uhakimu, ubaba wa familia. Na azungumze kwa sauti yake ya kila siku.

Pili, msianze na karatasi. Igizo la kukariri humpendelea anayesoma haraka, na wengine huishia kubeba viti. Mimi huwapa tukio tu: ng'ombe wameingia shambani usiku, asubuhi pande mbili ziko kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtoto wa mfugaji anakuwa mwenye shamba, wa mkulima anakuwa mwenye ng'ombe, maneno wanayatafuta wenyewe. Binti mmoja, akiigiza mfugaji, alitakiwa kueleza kwa nini alipitisha mifugo pale. Akakwama, akamgeukia mwenzake wa jamii ya wafugaji: "Kwani Oktoba nyie mnanyweshea wapi?" Tukaacha kuigiza, tukazungumza habari za maji mpaka kengele ikalia. Hotuba yangu isingelizaa swali lile.

Waliokaa kutazama nao wana kazi. Mmoja akiona mhusika amekosea, anapiga makofi, anaingia kati na kujaribu njia yake. Mbrazili Augusto Boal aliikuza mbinu hii miaka ya 1970, lakini nasi tuna wetu: mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari huchunguza wenyewe yanayowakwamisha shuleni, kisha huyaigiza. Jambo la kuiga hapo ni kwamba tatizo hutajwa na anayeishi nalo, mwalimu hamtajii.

Lugha iacheni huru mazoezini. Mtu mwenye hasira hulipuka kwa lugha ya nyumbani kwao, basi Kimasai na Kikaguru visikike, na anayeelewa awafafanulie wenzake. Kicheko cha kumcheka mtu kinasimamisha zoezi papo hapo, hata kama zimebaki siku chache kabla ya mahafali. Katika hili sina msamaha.

Mengine ni maandalizi tu. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, fanyeni mazoezi kivulini au baada ya jua kupungua, na kwa kuwa wengi wao huona kwa shida, andiko likihitajika liwe la herufi kubwa. Kwa kiziwi, anayesema amtazame usoni, na klabu nzima ijifunze ishara za mandhari ya igizo lenu. Yeye ndiye awafundishe. Mwenye kiti cha magurudumu asikwamishwe na ngazi za jukwaa: shusheni igizo uwanjani, watazamaji wakae duara.

Na daftari la klabu muwe nalo. Andika kila igizo nani alikuwa nani, ulipitie kabla ya kugawa nafasi mpya. Ukikuta jina limekaa na umati wa sokoni muhula mzima, mwenye jina hilo ndiye aanze kuchagua.