Dawa Haisafiri Kwenye Begi la Mtoto

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa shule ya awali. "Shikamoo mwalimu. Kuna mzazi kila asubuhi anaweka dawa kwenye begi la mtoto, haijaandikwa chochote, halafu ananipigia simu: mpe kijiko kimoja mchana. Nikikataa naonekana sina huruma. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kataa.

Ningeishia hapo, ila umenigusa penye kidonda. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mama mmoja alinikabidhi kichupa chenye dawa ya maji, lebo imekwanguliwa. "Ni ya homa tu, mwalimu, mpe saa sita." Nikamuuliza ni dawa gani, ina nguvu kiasi gani, na mtoto alipewa ya mwisho saa ngapi. Hakuwa na jibu hata moja, na alikuwa anachelewa kazini. Nikamrudishia kichupa chake. Aliniita mwenye kiburi mbele ya wazazi wenzake, na jioni mwalimu mkuu akamwomba radhi kwa niaba yangu, mimi nimesimama palepale. Haikupita muda mtoto akahamishwa. Miaka imepita, yule mama nikipishana naye hanisalimii, na lile la mwalimu mkuu ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini ningekataa tena. Chukua parasetamoli ya maji peke yake. Zipo chupa zenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na zipo zenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Kijiko ni kilekile, dawa ni zaidi ya mara mbili. Tena dozi na dozi zinatakiwa kuachana saa 4 au zaidi, na zisizidi nne ndani ya saa 24. Sasa kama mama alimpa alfajiri na hakusema? Na kama alimpa dawa ya mafua, ambayo mara nyingi nayo ina parasetamoli ndani yake? Mwalimu atampa mchana kwa moyo mweupe, kumbe anarudia dawa ileile. Inapozidi, inaharibu ini, na mtoto anaweza kushinda akicheza kama hana kitu. Hapo huruma yako itamsaidia nini?

Kwa hiyo kwangu dawa inatoka mkononi mwa mtu mzima na kuingia mkononi mwa mtu mzima. Begi linaning'inia kimo cha watoto, na vifuniko vinavyoitwa vigumu kwa watoto vinawachelewesha tu. Nikishaipokea naangalia: imo kwenye chupa yake ya asili? Ina jina la mtoto huyu, si la kaka yake? Tarehe haijapita? Kisha mzazi anaandika na kutia sahihi: dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi, ya mwisho alipewa lini. Dozi ya kwanza kabisa ya dawa mpya naomba itolewe nyumbani, maana mzio ukijitokeza, ni bora umkute mtoto na mzazi wake. Aspirini sipokei hata kwa machozi. Watoto walio chini ya miaka 16 hawapewi isipokuwa daktari mwenyewe ameagiza.

Na wazazi, waulizeni madaktari swali hili moja: dawa ya mara tatu kwa siku inaweza kutolewa asubuhi, akitoka shule, na akienda kulala? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mwalimu anapumua.

Kumpa mtoto dawa kwenyewe si kazi kubwa. Tunakuwa wawili, mmoja anasoma, mwingine anapima, wote tunasaini daftari papo hapo. Tunapima kwa sirinji isiyo na sindano, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Mtoto anakaa wima, dawa inaingia taratibu pembeni mwa shavu. Usiichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa, akiacha nusu hutajua amekunywa kiasi gani. Akitapika usirudie, piga simu. Na tafadhali, tuache kuwaambia watoto kwamba dawa ni pipi! Siku watakayoikuta peke yao watakula kama pipi.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakoharibu. Wanajua neno moja tu, friji. Soma lebo. Amoksilini ya unga, dawa ya kuua bakteria, ikishachanganywa na maji inadumu siku 7 hadi 14 kulingana na maelezo ya chupa, kwa hiyo andika juu yake tarehe iliyochanganywa. Inayotaka baridi inataka nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na chakula, wala si mlangoni mwa friji ambapo joto linapanda na kushuka. Nyingine zote ziende kwenye kabati la juu lenye kufuli.

Isipokuwa dawa za dharura. Hapa huwa nakasirika. Nimeona shule inafungia pampu ya pumu ofisini, na ufunguo umo mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini. Mtoto anayekosa pumzi hana muda wa kusubiri ufunguo. Pampu na chemba yake, kile chombo cha plastiki cha kuvutia dawa ya pampu, na sindano ya adrenalini kwa mwenye mzio mkali, vikae pasipofikika na watoto lakini mwalimu avipate mara moja, na vitoke pamoja na darasa mnapokwenda uwanjani. Sindano ya adrenalini haiwekwi kwenye friji.

Basi, mwanangu, huyo mzazi mwite mkae, mpe fomu, mweleze bila kumfokea. Akienda kwa mwalimu mkuu, wewe uwe umetangulia na utaratibu ulioandikwa, umuombe autie sahihi. Mimi sikuwa nao siku ile. Halafu pitia kabati lako leo. Chochote kisicho na jina, au kilichopitwa na tarehe, mzazi aje akichukue akirudishe kwa mfamasia. Usikitupe kwenye pipa la darasani.