Maswali na majibu: kazi ya ofisini na safari za baiskeli

Swali: Natoka kazini Posta saa kumi na moja jioni. Nifanye mazoezi saa ngapi ili nimudu safari ndefu?

Jibu: Achana na mazoezi ya usiku, kwa kuwa huku kwetu jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima, na giza la Dar es Salaam limejaa bodaboda zisizo na taa. Nenda kazini kwa baiskeli kunapopambazuka, urudi nayo moja kwa moja nyumbani, na mashati ya wiki yatangulie ofisini. Usiyekanyaga pedali siku za kazi, usije kunilalamikia magoti Jumamosi.

Swali: Ninunue baiskeli ya aina gani?

Jibu: Swali hili tena! Endesha uliyo nayo, fundi akishakaza breki.

Swali: Nataka kwenda Bagamoyo Jumamosi na kurudi Jumapili, Jumatatu niwe kazini. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, maana ni kilomita 70 hivi. Kila mtu huniuliza umbali, lakini upepo hauulizwi. Mwezi Julai kusi hukusukuma mgongoni wakati wa kwenda hadi ukajiona bingwa, kisha kesho yake hukukabili usoni njia nzima, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Kwa hiyo Jumapili ondoka mapema, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Kaskazi ya Januari hukupiga ubavuni tu. Ijumaa pitisha kidole kwenye mnyororo: kikitoka cheusi chenye chembe za mchanga, usafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uukaushe, ndipo utie oili. Beba pampu na tyubu ya akiba, kwa sababu valvu ikichanika, kiraka hakisaidii.

Swali: Mimi na mwenzangu tutasema tunaumwa ili tupate siku nne za kwenda Iringa kutoka Morogoro, tukikatiza Mikumi. Unashaurije?

Jibu: Kwanza acheni uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa siku 28 za likizo kila mwaka, basi ombeni. Pili, barabara kuu hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, nayo ni makazi ya simba na tembo, ambao hawana habari na ratiba yenu. Pakieni baiskeli kwenye basi Morogoro, mshukie mji wa Mikumi, mwendelee kupitia mibuyu ya Ruaha. Mkifika Kitonga, shukeni msukume, kwani malori yanayopanda mlima ule hayana nafasi ya kuwapisha.