Mnaoanza kusoma Odyssey, angalieni mgeni anaulizwa jina saa ngapi

Kwa nyie mnaoanza Odyssey mwaka huu (shairi refu la Homer, la Ugiriki ya kale, kuhusu mfalme Odysseus anavyohangaika kurudi kwake baada ya vita), msijichoshe kukariri majina ya miungu kwanza, we kila mgeni akitokea mlangoni kwa mtu angalia anafanyiwa nini na kipi kinatangulia. Kwa Wagiriki wale mgeni analindwa na Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu, kwa hiyo anakaribishwa ndani, ananawishwa mikono, anakula akashiba, ndo anaulizwa we nani na umetokea wapi. Kitabu cha 1 (vitabu ni kama sura zake) Telemachus, mtoto wa Odysseus, anaona aibu mgeni kusimamishwa mlangoni, anaenda mwenyewe kumpokea mkuki (kumbe ni mungu wa kike Athena kajibadilisha). Kwa Phaeacians, watu wanaompokea Odysseus akiwa njiani, malkia anamuuliza Odysseus baada ya kula, anakwepa kutaja jina, wanamwacha, mpaka mwisho wa kitabu cha 8 ndo mfalme Alcinous anamuomba alitaje.

Sasa ukiingia kitabu cha 9 utashtuka. Polyphemus, lile jitu la jicho moja, anaanza na swali, nyie kina nani, chakula hatoi na wanaoliwa ni wageni! Zawadi anayompa Odysseus ni kwamba yeye atamla wa mwisho.

Kitabu cha 14 tafadhali kisomeni polepole, mi nakipenda kuliko vyote. Eumaeus ni mtumwa, mchunga nguruwe, na anayebisha hodi ni mzee mwenye matambara. Anawafukuza mbwa kwa mawe, anamtandikia ngozi ya mbuzi anayolalia mwenyewe, anachinja nguruwe wadogo wawili, anamwambia ule tu hiki cha watumwa maana wale wanono wanaliwa na wanaomposa Penelope, mke wa Odysseus. Anasema wageni na ombaomba wote ni wa Zeus, na hajui kwamba anayeongea naye ni bwana wake Odysseus kabadilishwa sura, ambaye amemlilia miaka yote hiyo. Masikini ndo anafuata utaratibu wote, wakati mjini hao wanaomposa Penelope, vijana wa koo kubwa, wanakula mali ya mtu na ombaomba wanamtupia vigoda.

Mkifika kitabu cha 20 mwekeeni alama Ctesippus, mmoja wa hao wanaomposa Penelope, anayemrushia Odysseus kongoro la ng'ombe akisema na yeye anampa mgeni zawadi yake, linamkosa linagonga ukuta. Kitabu cha 22 Philoetius, mchunga ng'ombe wa Odysseus, anampiga Ctesippus mkuki wa kifua na kumwambia hii ndo zawadi yako, ya lile kongoro.