Tangi la matumbawe na gharama za kalsiamu: kabla hujanunua mtungi wa gesi

Mkuu, umesema tangi lako lina lita 400 za maji, matumbawe magumu yameshika na yanakua, chupa za kalsiamu na alkalini za dukani zinakutoboa mfuko, na sasa unapiga hesabu ya rikta (chombo kinachoyeyusha mawe ya kalsiamu kwa gesi ya kaboni dayoksaidi) na mtungi wa gesi hiyo. Subiri kidogo. Kwa tangi la kiasi hicho mtungi ni njia ya tatu, baada ya chokaa na chupa mbili za kutengeneza mwenyewe. Kwenye zile chupa unalipia zaidi maji, plastiki na usafirishaji kuliko dawa yenyewe.

Kwanza pima tangi linakula kiasi gani. Acha kuongeza chochote siku mbili, upime dKH, yaani kipimo cha alkalini, saa ileile. Jumatatu ikiwa 9 na Jumatano ikawa 7, basi linakula dKH 1 kwa siku. Kipimo cha kalsiamu kiache kwa sasa: kila dKH 1 inaondoka na kalsiamu miligramu 7 hivi kwa lita, na vipimo vya matone havioni tofauti ndogo hivyo kwenye kiwango cha kawaida cha 420.

Ukishapata hiyo namba, hesabu ni nyepesi. dKH 1 kwenye lita 400 ni gramu 12 za bikaboneti ya sodiamu, yaani bekingi soda, na kalsiamu ya kwenda nayo iko kwenye gramu 10.5 za kalsiamu kloraidi ya vipande. Kwa mwaka ni kilo 4.4 za soda na kilo 3.8 za kloraidi. Ukitumia chokaa peke yake ni gramu 5.3 kwa siku, haifiki kilo 2 kwa mwaka. Weka namba hizo pembeni ya risiti zako.

Kubadilisha maji hakutakuokoa, hata kama uko pwani na maji ya bahari ni ya bure. Ukibadilisha asilimia 10 kwa wiki wakati dKH imeshuka 3, unarudisha 0.3 tu.

Chokaa ndiyo ningeanza nayo. Ni chokaa iliyozimwa, kalsiamu haidroksaidi, ya daraja la chakula au ya maabara. Ya kupaka ukutani mara nyingi ina gundi au rangi, na isiyozimwa inachemka ukiigusisha maji, usiilete nyumbani. Kuna jaribio dogo kabla ya kununua nyingi: tia kijiko cha chai kwenye glasi ya siki nyeupe. Ikiyeyuka kimya na glasi ikabaki safi, ni nzuri. Ikitoa povu jingi, imeshageuka kuwa unga wa mawe, haitayeyuka kwenye maji yako. Tope likibaki chini ya glasi, mrudishie muuzaji.

Weka gramu 2 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa, tikisa, funika, acha itulie saa kadhaa. Maji yanashika gramu 1.5 hivi tu kwa lita, inayobaki inakaa chini pamoja na uchafu. Chukua maji maangavu ya juu, usikoroge tena. Utando unaotanda juu ni chokaa iliyokutana na hewa ya kaboni, ndiyo maana ndoo lazima iwe na mfuniko.

Kwa matumizi ya dKH 1 unahitaji lita 3.5 za maji haya kwa siku, na unayaweka badala ya maji yanayokauka. Sehemu za joto, tangi la lita 400 lenye feni juu yake halishindwi kukausha kiasi hicho. Mpira wa dripu wa duka la dawa unatosha kabisa: ule wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo kama matone 50 kwa dakika, saa 24. Dondoshea penye mkondo mkali. pH ya chokaa iliyokolea ni 12.4, inaunguza jicho, na ikimwagika yote kwa mkupuo tangi linageuka maziwa na pH inapita 9. Kwa wanaojaza kwa pampu, hili hutokea swichi ya boya ikikwama. Kinga yake ni kutokuweka kwenye ndoo zaidi ya mahitaji ya siku moja. Ikishatokea, mimina maji ya gesi yasiyo na sukari kidogo kidogo huku ukipima, hadi pH ishuke 8.4.

Matumizi yakizidi maji yanayokauka, ongezea mchanganyiko wa chupa mbili, ila utengeneze mwenyewe. Chupa ya alkalini: oka gramu 157 za bekingi soda kwenye oveni, nyuzi 150, saa moja, kisha yeyusha upate lita 1. Itakuwa imeiva kila gramu 100 zikibaki 63, mizani ya jikoni itakuambia. Chupa ya kalsiamu: gramu 132 za kloraidi ya vipande kwa lita 1. Ukipata ile kavu kabisa, weka 100 tu. Inapata moto ikiyeyuka, kwa hiyo unga uingie kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga. Maduka ya dawa za mabwawa ya kuogelea huwa nayo. Angalia kusiwe na manukato wala kitu kingine ndani. Dozi yako ni mililita 76 za kila chupa kwa siku. Ukiziweka pamoja sehemu moja utaona theluji nyeupe, na hiyo ni pesa yako inatua mchangani. Acha dakika 15 katikati.

Kama pH yako tayari iko juu, usioke soda, maana iliyookwa inaipandisha zaidi. Ila ambayo haijaokwa haiyeyuki nyingi hivyo: weka 78 kwa lita, kloraidi 66, na dozi iwe mara mbili.

Makosa mawili yanajirudia hapa. Bekingi pauda si bekingi soda, ina asidi na wanga. Na magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yana floraidi nyingi na matope. Yaache kwenye maharage.

Chupa mbili zina gharama iliyojificha: kinachobaki baada ya matumbawe kuchukua chao ni chumvi, gramu 8 hivi kwa siku kwako. Usipobadilisha maji, mwaka mmoja unapandisha chumvi kutoka 35 hadi 42 kwa elfu. Pima kila wiki. Chokaa haina shida hiyo.

Sasa gesi. Rikta inaanza kulipa ukifika dKH 2 au 3 kwa siku, na hapo gesi yenyewe ni rahisi. Kwa dKH 3, hata nusu ya gesi ikipotea hewani, unatumia gramu 19 kwa siku; mtungi wa kilo 5 unaenda karibu miezi tisa. Jaza kwa wanaohudumia mashine za vinywaji au mitungi ya kuzimia moto. Kwa wachomeleaji uliza mara mbili, maana wengi wana mchanganyiko wa agoni.

Mtungi wa kuzimia moto una bomba ndani linalofika chini, kwa hiyo unatoa kimiminika badala ya gesi na utaua regyuleta yako (kifaa cha kupunguza presha ya gesi). Fundi alitoe na kufunga valvu sahihi kabla ya kujaza. Uliza pia aina ya nyuzi za valvu, kwa sababu za Marekani na za Ulaya haziingiliani.

Usiamini geji kujua gesi iliyobaki. Kimiminika kikiwepo inasoma karibu bar 60 tu, uwe na kilo 4 au kilo 3. Pima uzito, utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni. Geji ikianza kushuka, ujue kimiminika kimeisha, na regyuleta ya hatua moja inaweza kupandisha presha ya kutokea na kumwaga gesi. Badilisha mtungi siku hiyohiyo. Na usiuweke chumba cha kulala: kilo 5 zikivuja ni mita za ujazo 2.8 za gesi.

Zile chupa za kutengeneza gesi kwa asidi ya limau na soda zipite. Kilo 1 ya gesi inakula kilo 1.45 za asidi na kilo 1.9 za soda. Nusu ya gesi ikipotea kwenye rikta, alkalini unayopata ni ileile ambayo hiyo soda ingekupa ukiiweka tangini moja kwa moja. Asidi umeinunua bure.