Taka za Shule Zinaanzia Getini

Walimu wenzangu wakiniuliza tumepunguzaje taka shuleni kwetu, wengi huanzia kwenye mapipa: yanunuliwe mangapi, yapakwe rangi gani. Mapipa yasubiri. Tandika turubai uwanjani, mwaga taka za siku nzima, kisha wewe na viranja wa usafi vaeni glovu mzichambue. Kwetu huku Gongo la Mboto, Dar es Salaam, zoezi hilo ndilo lililotufungua macho. Ukiondoa majani ya mwembe, karibu vyote vilivyobaki vilinunuliwa getini wakati wa mapumziko: vifuko vya ubuyu, vya barafu na karanga, magazeti yaliyofungia mihogo, maganda ya machungwa.

Kwa hiyo nenda kwa akina mama wanaouza pale, na uende kwa heshima, maana ile ni riziki yao. Sisi tuliwakaribisha, tukakaa nao, tukawasikiliza kwanza. Mama wa mihogo ndiye aliyetoa wazo kwamba mtoto aje na kibakuli chake. Gazeti lilikuwa linalowa chachandu, na anayelinunua ni yeye. Muuza barafu akakubali kumpimia juisi ya ukwaju mtoto mwenye kikombe. Ubuyu bado unatusumbua. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 iliondoa mifuko ya rambo, lakini vile vifuko vidogo vya kufungia bado vimejaa mtaani, na ubuyu wa bei ya mtoto haumudu kifungashio kingine. Nalisema hili ili nawe ukikwama hapo usikate tamaa.

Maganda na majani usiyatupe hata kidogo. Tafuta kona yenye kivuli, mbali na madarasa, zungushia mbao au matofali mraba wa kama mita moja, anza kupanga mboji. Weka majani makavu mengi, juu yake maganda, nyunyiza maji, funika tena kwa majani makavu. Ukiacha maganda wazi, nzi watakujia siku hiyo hiyo. Samaki na vyakula vya mafuta usitie, vinaita panya. Kujua kama maji yanatosha, chukua kidogo ukamue kiganjani: ikichuruzika, ongeza majani makavu, ikipukutika, ongeza maji. Geuza kila baada ya wiki moja au mbili. Watoto wa darasa la nne wanapenda sana kazi hii, hasa asubuhi, rundo linapofunuliwa na mvuke kutoka. Wakati wa masika lifunike kwa turubai. Kwa joto la Dar, baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi usionuka, na matembele yatakuonyesha kazi yake.

Makopo ya maji yana soko, yanauzwa kwa kilo. Ila patana na mnunuzi kabla hujaanza kukusanya, ujue atapita lini, vinginevyo utajikuta na stoo iliyojaa. Yamwagwe maji yote, yafungwe vizibo, yakae chini ya paa. Homa ya dengue ilitusumbua Dar mwaka 2019, na mbu wake hutaga hata kwenye maji machache yaliyotuama ndani ya kopo. Fedha ziandikwe kwenye daftari ambalo wazazi wanaweza kulisoma. Na tafadhali, usiwatume watoto kuokota makopo mtaani ili kilo ziongezeke.

Karatasi ni rahisi: kurasa safi za madaftari ya mwaka uliopita zishonwe ziwe za mazoezi.

Kuna jambo walimu huona haya kulizungumza: pedi. Wasichana wa darasa la sita na la saba wanahitaji pipa lenye mfuniko ndani ya choo, na mtu mzima wa kulishughulikia. Pasipo pipa hilo, pedi hutupwa shimoni au hufichwa kwenye begi siku nzima, na hilo linaniumiza.

Kinachobaki kiende na gari la taka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Usichome plastiki nyuma ya madarasa hata gari likichelewa, moshi wake wanauvuta watoto wako. Ongea na serikali ya mtaa mapema kuhusu siku za gari, na siku hizo zibandikwe ofisini, mwalimu wa zamu azijue.