Maswali na Majibu: Usiku Mmoja wa Moroko katika Eurovision

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu Shindano la Nyimbo la Eurovision, ambalo nchi za Ulaya zimekuwa zikilirusha kwa televisheni tangu mwaka 1956. Nimechagua maswali yanayoigusa Afrika, na nitayajibu moja baada ya jingine.

Swali: Nimesikia kwamba kuna nchi ya Afrika iliyowahi kushiriki Eurovision. Je, ni kweli, na ilishika nafasi ya ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ni kweli. Nchi hiyo ni Moroko, nayo ilishiriki mara moja tu, tarehe 19 Aprili 1980, katika jiji la The Hague nchini Uholanzi. Aliyetumwa alikuwa Samira Bensaïd, binti wa Rabat aliyekuwa na umri wa miaka 22, ambaye wapenzi wa muziki wa Kiarabu wanamfahamu zaidi kwa jina la Samira Said. Aliimba wimbo uitwao "Bitaqat Hub", jina ambalo Mswahili halimpi shida kubwa, kwa kuwa hiyo hub ndiyo huba yetu, na bitaqa ni kadi. Kuimba kwa Kiarabu hakukuwa ujasiri wa msanii mwenyewe. Kanuni za wakati huo ziliilazimu kila nchi kuimba kwa lugha yake, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1999.

Matokeo yalikuwa mabaya. Nchi zilikuwa 19, na kila jopo la majaji liligawa alama kwa nyimbo kumi za wenzao: kuanzia moja hadi nane, halafu 10, halafu 12. Mwaka huohuo ndipo ulipoanza utaratibu wa kuzisoma alama kutoka ndogo kwenda kubwa, kwa hiyo msanii ambaye hajatajwa kwenye alama za chini aliweza bado kujipa moyo kwamba huenda ametengewa zile za juu. Samira alitajwa mara moja tu, pale jopo la Italia lilipofika kwenye alama saba. Majopo mengine 17 yalimaliza orodha zao bila kuitaja Moroko, ikawa ya 18, juu ya Ufini peke yake iliyoambulia alama sita, ilhali mshindi, Johnny Logan wa Ayalandi, alipata 143. Kwa maoni yangu kasoro haikuwa sauti ya binti yule, bali masikio ya majaji ambao wengi wao hawakuwa wamezoea mahadhi ya Kiarabu.

Swali: Shindano ni la Ulaya. Moroko ilipenyaje, na je, Tanzania ikitaka kushiriki itakubaliwa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Wanaojiandikisha kushiriki si serikali, bali ni mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, maarufu kama EBU, ulioanzishwa mwaka 1950. Uanachama huo haufuati mipaka ya bara la Ulaya kama tulivyofundishwa katika jiografia, bali hufuata eneo la utangazaji lililochorwa katika mikataba ya mawasiliano, ambalo kwa asili yake linaishia longitudo ya nyuzi 40 mashariki na latitudo ya nyuzi 30 kaskazini. Ukichora mistari hiyo miwili kwenye ramani utaona kwamba pwani yote ya Afrika inayotazama Bahari ya Mediterania imeingia ndani, ndiyo maana mashirika ya utangazaji ya Misri, Tunisia, Algeria na Moroko yalikubaliwa kuwa wanachama.

Dar es Salaam nayo, ukiipima kwa longitudo peke yake, imo, kwa kuwa iko karibu na nyuzi 39 mashariki. Latitudo ndiyo inayotutoa, maana sisi tuko kusini ya ikweta kabisa. Njia pekee ingekuwa ile ya Australia, ambayo televisheni yake ya SBS ilikuwa ikilirusha shindano hilo tangu mwaka 1983, ikaalikwa mwaka 2015 kwa heshima ya shindano la 60, na baada ya hapo ikaendelea kualikwa. Kwa sasa mtu aliyeko Tanzania anachoweza kufanya ni kupiga kura, kwa kuwa tangu mwaka 2023 kura za intaneti kutoka nchi zisizoshiriki hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja.

Swali: Kwa nini Moroko haikurudi tena? Ni kwa sababu ya aibu ya kushindwa? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Habari inayorudiwa mara nyingi ni kwamba Mfalme Hassan wa Pili alichukizwa na matokeo akaapa kwamba nchi yake haitashiriki tena. Mimi huipokea kwa tahadhari, kwa sababu ipo sababu nyingine inayoonekana wazi ukiangalia nani hakuwepo The Hague usiku ule. Israeli ilikuwa imeshinda mara mbili mfululizo, mwaka 1978 na 1979, na mara ya pili ilishinda ikiwa mwenyeji, mjini Jerusalem. Haikumudu kuandaa tena mwaka uliofuata, na Uholanzi ilipobeba mzigo huo, tarehe iliyopangwa ikaangukia siku ambayo Waisraeli huwakumbuka askari wao waliouawa vitani. Israeli ikakaa pembeni, na mwaka huohuo Moroko ikaingia. Mwaka 1981 Israeli ilirudi, na Moroko haikuonekana.

Kanuni inayobana hapa ni moja: kituo kinachoshiriki ni lazima kirushe shindano zima bila kukata wimbo wa nchi yoyote. Tunisia iliomba nafasi mwaka 1977, ikapangiwa kabisa zamu ya kuimba, kisha ikajitoa. Lebanoni ilifika mbali zaidi. Kwa ajili ya shindano la mwaka 2005 mjini Kyiv ilikwisha kumteua mwimbaji, Aline Lahoud, lakini EBU ilipotaka ahadi kwamba wimbo wa Israeli utarushwa, televisheni ya Lebanoni ikajibu kwamba sheria za nchi haziruhusu, ikajitoa, na ikafungiwa miaka mitatu. Mlango wa Moroko, kwa hiyo, haujafungwa kwa kufuli ya alama saba.

Swali: Kiswahili kimewahi kuimbwa katika Eurovision? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Ndiyo, na kilipandishwa jukwaani na Norwe. Mwaka 2011, mjini Düsseldorf, nchi hiyo iliwakilishwa na Stella Mwangi, aliyezaliwa Kenya na kukulia Norwe, kwa wimbo "Haba Haba", ambao umejengwa juu ya methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba. Beti zake zilikuwa za Kiingereza na kiitikio kikawa cha Kiswahili, jambo ambalo halingewezekana chini ya sharti la lugha nililolitaja juu. Kibaba hakikujaa: wimbo ulipata alama 30 katika nusu fainali na kutolewa.

Swali: Samira aliishia wapi baada ya kushindwa vile? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Nashangaa msomaji wa Muscat kuuliza, kwa kuwa nyimbo zake zinapigwa huko hadi leo. Alihamia Cairo, akajenga jina huko kwa miongo kadhaa, na akawa miongoni mwa sauti kubwa za muziki wa Kiarabu. Na kwa wanaopenda visa vya kukutana kwa mambo: Johnny Logan, aliyeshinda usiku ule wa The Hague, alishinda tena mwaka 1987, na kwa miaka mingi akawa mwimbaji pekee aliyewahi kutwaa taji hilo mara mbili. Aliyeifikia rekodi hiyo mwaka 2023 ni Loreen wa Uswidi, mzaliwa wa Stockholm, ambaye wazazi wake ni Waberberi wa Moroko.