Usifiche tofali bovu kwa mawe

Msomaji wa Mukono, Uganda, ametutumia picha za nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Misimu miwili ya mvua tu, na tayari kozi (safu za matofali) za chini zinamwaga unga mwekundu huku vanishi ikibanduka kama ganda la kitunguu. Anauliza kama abandike mawe ya urembo juu yake. Hapana, dada. Mawe yatafunika ugonjwa, kisha yatadondoka.

Itazame tena picha yako. Uharibifu uko kwenye sentimita 40 za chini. Karibu na paa matofali ni mazima. Basi maji yanapanda kutoka ardhini, na mengine yanaruka kutoka kwenye matope kwa sababu paa halina gata, mfereji wa kukusanya maji ya mvua. Vanishi imemalizia: unyevu uliopaswa kutoka ulikwama nyuma yake, chumvi iliyobebwa na maji ikaganda humo na kuusukuma uso wa tofali hadi ukamomonyoka.

Anza na maji. Funga gata. Shusha udongo unaozunguka nyumba hadi uwe sentimita 15 chini ya karatasi ya DPC (ile inayozuia unyevu kupanda ukutani), halafu mwaga ukanda wa kokoto wa sentimita 60, ukiinamia mbali na ukuta. Kwangua vanishi yote. Chumvi nyeupe isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Tofali lililooza litolewe, liwekwe jingine. Mafundi wengi hulipaka simenti kali, na hilo ndilo kosa linaloudhi kuliko yote, maana simenti ikiwa ngumu kuliko tofali, maji hutafuta njia kwenye tofali na kulila. Mota, yaani udongo wa kuunganishia matofali, ya kozi hizo iwe simenti 1, chokaa 1, mchanga 6. Mchanga uutie kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie: tope likizidi sehemu moja ya kumi, urudishe.

Matofali ya kubadilishia yachagueni kwa mkono wenu, ndugu zangu, msimwachie dereva wa lori. Yaliyokaa pembezoni mwa tanuri huwa hayajaiva. Gonga mawili: lililoiva hulia kama kengele, bichi hutoa mlio mfu. Halafu pima moja likiwa kavu, lilowekeni saa 24, pima tena. La kilo 3 likirudi na kilo 3.6, limenywa maji mengi mno, hilo ni la ukuta wa ndani wenye lipu. Ya kiwandani, kama ya Kajjansi, yanalingana vipimo, kwa hiyo viungo huwa vyembamba na mota inayotumika ni kidogo.

Mawe yana kazi yake, ila pale chini. Kwa nyumba mpya, jenga sentimita 60 za kwanza kwa mawe halisi, DPC juu yake, ndipo matofali yaanze. Kisoro wanajengea mawe ya volkano yaliyo karibu nao. Kwingine granaiti inafaa.

Ukishikilia kubandika, jua kwamba jiwe la sentimita 3 lina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya mraba. Paka mota nyuma yote, si madonge manne pembeni, kwani maji hujaa kwenye nafasi zilizobaki. Juu ya mita 2 funga kila jiwe kwa waya usioshika kutu. Fort Portal na Kasese, ambako ardhi hutetemeka, usiweke jiwe la kubandika juu ya mlango kabisa.